Mkunde, Mwenye Kwao Kuwili

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa udongo, na chini ya udongo pakawa na wenyewe.
Wenyewe wana macho?
Wengine wanayo, wengine hawana!

Basi sogeeni, anayesinzia akae karibu na moshi umwamshe.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, nyoka wadogo wa chini ya ardhi walikuwa wakisema na watu wakisikia. Zama hizo palikuwa na vijiji viwili. Kimoja kilikaa juu ya kilima, kikiitwa Kwamlenga. Kingine kilikaa chini, kikiitwa Bondeni. Katikati palikuwa na korongo, na kwenye ukingo wa korongo palikuwa na kichuguu kikubwa kushinda nyumba. Watu wa Kwamlenga walisema kichuguu ni chao. Watu wa Bondeni walisema kichuguu ni chao. Wakagombana, wakachoka, wakakiacha. Kikawa hakina mwenyewe, hakuna aliyekifyekea majani wala aliyekitazama.

Sasa, huko Bondeni alikuwako mwanamke jina lake Mkunde, mfinyanzi wa vyungu. Kwao alikozaliwa ni Kwamlenga. Kwake alikoolewa ni Bondeni, kwa mume aitwaye Semdoe. Akitoka Bondeni kwenda kumwona mama yake, watu wa Bondeni humwambia, "Salimia kwenu." Akitoka Kwamlenga kurudi kwa mumewe, watu wa Kwamlenga humwambia, "Haya, salimia kwenu." Mkunde hucheka peke yake njiani, akisema, "Mimi nina kwetu kuwili, na pote naambiwa niende kwetu."

Alicheka, wenzangu, kwa sababu wakati ule ilikuwa bado ni jambo la kuchekesha.

Yakaja masika makubwa mwaka mmoja. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Maji yakaingia ndani ya ardhi, na wale nyoka wadogo wakatoka. Walikuwa wembamba kama uzi wa shanga, wengine weusi, wengine wa rangi ya nyama, wengine wa manjano wenye mistari. Wakajaa kwenye nyua na vizingiti. Watu wakapiga mayowe. Jumbe Mhando, mkubwa wa Bondeni, akapiga mbiu: "Kila mtu aue! Hawa wametumwa!" Wakaua. Watu wa Kwamlenga waliposikia Bondeni wanaua, wakasema, "Kumbe wametumwa kweli," nao wakaua. Mkunde naye, kwa ufagio na kisigino, aliua watatu.

Masika yakapita. Mwaka uliofuata mvua haikuja.

Njaa ikaingia. Watu wakala mtama wa akiba, wakala ndago, wakala mizizi ya porini. Lakini mbegu hawakuzigusa. Mbegu zilikuwa ndani ya kihenge kikubwa uani kwa Jumbe Mhando, kihenge cha fito kilichokandikwa udongo, ambacho magogo yake ya chini yalikwisha kudidimia kikakaa juu ya ardhi tupu. Mdomo wake ulizibwa kwa udongo, na Jumbe akaugandamiza kwa kidole gumba chake. Mtu akila mbegu amekula mwaka ujao, na watoto wakilia njaa waliambiwa hivyohivyo.

Siku moja Jumbe akasema, "Tuzipime." Wakabandua udongo wa mdomoni, wakaingiza ufito. Mbegu zimepungua shubiri moja. Wakaziba.

Baada ya siku saba wakapima. Zimepungua shubiri mbili. Wakaziba, na Jumbe akatia alama ya kidole mara mbili.

Baada ya siku saba nyingine wakapima. Shubiri tatu! Na alama za kidole zi palepale, hazikuguswa.

Semdoe akarudi nyumbani, uso umemsawijika. Akamwambia mkewe, "Mbegu zinatoweka, Mkunde. Ukienda kwenu, mdomo wako uufunge. Wasije wakatucheka."

Mkunde akaitikia, "Nimesikia, baba."

Kesho yake akapanda kilima kumwona mama yake, ambaye kifua kilikuwa kinamsumbua. Akamkuta kaka yake, Mgaza, amekaa nje ameshika tama. Mgaza akamvuta pembeni. "Dada, kuna balaa. Kihenge chetu cha mbegu kinapungua na hakuna aliyekifungua. Ukirudi kwa wakwe zako, mdomo wako uufunge. Wasije wakatucheka."

Moyo wa Mkunde ukapiga paa. Alijua yeye peke yake, kati ya watu wote wa juu na wa chini, kwamba vihenge viwili vinaugua ugonjwa mmoja. Akafungua kinywa aseme. Akamkumbuka mumewe. Akakifunga. Akasema, "Nimesikia, kaka."

Akateremka kilima amebeba maneno ya juu, na maneno ya chini amekwisha kuyameza.

Siku nenda, siku rudi. Njaa haina adabu, wenzangu, inapekua kila kitu. Huko Bondeni watu wakaanza kunong'ona. "Huo ni uchawi wa chuma ulete. Watu wa Kwamlenga wanatuvutia mbegu zetu." "Lakini chuma ulete haivuti mpaka mtu awapelekee chembe moja ya kuanzia." "Na nani ana mguu huku na mguu kule?"

Huko Kwamlenga nako maneno ni yaleyale. "Bondeni wanatuvutia. Nani anakuja huku kila siku saba, eti mama anaumwa?"

Jina likapatikana, na juu na chini likawa moja: ndumakuwili. Ndiye yule nyoka mwembamba wa manjano, ambaye watu humdhania ana kichwa mbele na kichwa nyuma, anauma huku na anauma kule. Mkunde akipita kisimani, wanawake hunyamaza. Akiweka vyungu vyake njiani, hakuna anayevitazama. Na mama mkwe wake, Bi Chausiku, mwanamke mwenye ulimi kama upupu, akamwambia mbele ya majirani, "Mwanangu alioa mke, au alioa njia?"

Mwishowe Jumbe Mhando akamtuma mtu. "Kesho jua likipanda, baraza linakaa. Mkunde aje ajieleze. Asipojieleza, avuke korongo, asirudi tena."

Mkunde akajua kwamba akivuka korongo, Kwamlenga hawatampokea. Atakaa wapi? Atakaa kwenye korongo, katikati, na kile kichuguu kisicho na mwenyewe.

Mchana huohuo akachukua kijembe na kapu, akaenda korongoni kuchimba udongo wa vyungu. Si kwamba alikuwa na mteja. Mfinyanzi hutulia akishika udongo. Akachimba, huku machozi yanadondoka kwenye kapu.

Mara, kwenye bonge la udongo, kitu kikajinyonga. Nyoka! Mwembamba, wa manjano, ana mistari myeusi. Akainua ncha moja juu, nyeusi kama kichwa, akaitikisa. Mkunde akaruka. Kisha hasira zote za siku zile zikampanda. "Ni wewe! Ni wewe wanayeniitia jina lako!" Akainua kijembe, akapiga ile ncha iliyoinuka, pa!

Na chini ya udongo sauti nyembamba ikasema, "Basi, mama mfinyanzi, umepiga mkia."

Mkunde akabaki ameduwaa, kijembe mkononi. Upande wa pili wa yule nyoka ukachomoza taratibu. Hapo ndipo palikuwa na macho mawili madogo kama mbegu za mchicha. Nyoka akaimba:

*Mdomo wangu ni mmoja, ni mmoja,*
*mkia wangu si mdomo.*
*Nauinua nipigwe huko,*
*nipone nikaseme huku.*

"Huna vichwa viwili?" akauliza Mkunde.

"Nina kimoja kama wewe. Mkia nawatolea wenye fimbo, kichwa nakificha ardhini. Waliosema nauma kuwili hawakungoja kunitazama."

Mkunde akatupa kijembe. Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Akatazama ule mkia unaotoka damu kidogo, akasema, "Nisamehe. Nami nimepigwa, nikatafuta wa kumpiga."

"Mkia utapona," akasema ndumakuwili. "Lakini mbona unalia, na wewe ndiye mwenye kijembe?"

Mkunde akamweleza yote: kihenge cha chini, kihenge cha juu, mume aliyesema funga mdomo, kaka aliyesema funga mdomo. Kulikuwa hakuna mwingine aliyemwuliza.

Ndumakuwili akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akagonga ardhi kwa pua yake mara tatu. Wakatoka nyoka wengine wawili, wadogo hivyohivyo. Mmoja mweusi wa kung'aa, jina lake Mlatandu. Mwingine mwembamba kuliko wote, wa rangi ya nyama, hana macho, jina lake Uzi.

"Sisi ni ukoo mmoja," akasema ndumakuwili. "Hatuna nguvu, hatuna ukubwa. Lakini kila mmoja ana kazi yake huko chini."

Mlatandu akasema, "Mimi nala tandu. Nikipita chini ya kitanda chako, unalala."

Uzi akasema, "Mimi nala mayai ya mchwa na watoto wao. Nilikuwa nayala. Tulikuwa wengi, mama, tukiwazuia mchwa kama ukingo unavyozuia maji. Masika yale maji yaliingia kwetu, tukatoka kuvuta pumzi. Sasa tumebaki wachache, na mchwa wa kile kichuguu wamezaliana hawahesabiki. Wamechimba njia mbili. Moja inapanda, moja inateremka. Sina macho, lakini nasikia miguu yao. Wamo ndani ya vihenge vyenu. Wanakula katikati na kujaza udongo."

Mkunde akainamisha kichwa. "Masika yale," akasema, "nami niliua watatu. Kwenye kizingiti changu."

Uzi akasogea, akagusa mguu wake kwa pua.  Kisha akasema, "Walikuwa wa tumbo letu. Nenda kawaambie watu wako."

"Wapi? Juu au chini?"

"Kwani kwenu ni wapi?"

Mkunde akasimama, akajikung'uta vumbi. Hakurudi na udongo siku hiyo.

Kwanza akamwendea mumewe. "Baba, mbegu zinaliwa na mchwa, kutoka chini. Na Kwamlenga nako ni hivyohivyo."

Semdoe akashtuka. "Umejuaje ya Kwamlenga? Nyamaza, Mkunde! Ukisema hivyo kesho, umejimaliza." Na akatoka nje.

Pili akamwendea mama mkwe wake, ambaye alikuwa akipepeta makapi, apate chochote cha kutia chunguni. "Mama, mbegu zinaliwa na mchwa, kutoka chini. Na Kwamlenga nako ni hivyohivyo."

Bi Chausiku akaendelea kupepeta.  Lakini ungo ukasimama kidogo mikononi, kisha ukaendelea.

Tatu, jua lilipopanda, akasimama barazani.

Bondeni nzima ilikuwapo. Jumbe Mhando akasema, "Mkunde, mke wa Semdoe. Umewapelekea watu wa Kwamlenga chembe ya mbegu zetu?"

"Sikupeleka, Jumbe."

"Kwa nini basi mbegu zinapungua?"

Mkunde akatazama watu. Akamwona mumewe anatazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Akapiga moyo konde. "Zinaliwa na mchwa kutoka chini. Na za Kwamlenga zinaliwa vilevile. Niliambiwa kulekule. Kaka yangu aliniambia nisiseme huku, na mume wangu aliniambia nisiseme kule, nami nikawatii wote wawili. Nilinyamaza siku kumi na nne, na mchwa wamekula siku kumi na nne. Kosa langu ni hilo. Si lile mnalosema."

Baraza likalipuka. "Si mnaona! Anajua ya kule!" "Ndumakuwili!" "Avuke! Avuke!"

Mkunde akapaza sauti juu ya sauti zao:

*Mdomo wangu ni mmoja, ni mmoja,*
*na kwetu ni kuwili.*
*Chimbeni chini ya kihenge,*
*mkikuta pazima, nitavuka.*

"Tuchimbe chini ya mbegu?" Jumbe akapiga fimbo chini. "Kihenge kikipasuka njaani hivi, nani atajibu? Hakuna mtu atakayetia jembe hapo."

 Hakuna aliyesogea.

Hapo Bi Chausiku akainuka. Alikuwa mzee, magoti yakalia. Akaenda nyuma ya nyumba ya Jumbe bila kuomba ruhusa, akatoka na jembe.

"Mama!" Semdoe akaita. "Unafanya nini?"

"Nachimba. Wewe kaa, endelea kuhesabu vidole." Akawageukia watu. "Mimi nilizaliwa Bondeni? Nilikuja hapa nikiwa na kwetu, siku tatu kwa miguu. Wake wote mnaowaona hapa walikuja na kwao. Mkimfukuza huyu kwa kuwa na kwao, basi anzeni na mimi, mbaki wanaume watupu mpikiane."

Akachimba. Jembe la kwanza, ardhi kavu. Jembe la pili, ardhi kavu. Jembe la tatu likazama mpaka mpini.

Shimo! Njia pana kama mkono wa mtu, kuta zimelainishwa, na mchwa wanapita ndani kama maji meupe. Wanaume wakarukia majembe. Wakakiinua kihenge, wakakilaza ubavu. Juu kulikuwa na mbegu, pembeni kulikuwa na mbegu, lakini katikati kulijaa udongo mtupu. Zilizosalia zilikuwa nusu. Wangengoja siku saba nyingine zisingekuwapo kabisa.

Jumbe Mhando akashika kichwa. Mkunde hakungoja aseme neno. Alikwisha kufunga kibwebwe, alikwisha kuvuka korongo, anapanda kilima mbio. Akafika Kwamlenga anahema. Wakamzingira, "Huyo! Huyo ndumakuwili!" Akamwita kaka yake mbele ya wote.

"Mgaza! Uliniambia nisiseme, na leo nimesema. Bondeni nako mbegu zimeliwa, na nimewaambia ya kwenu. Ukitaka kunipiga, nipige baadaye. Sasa lete jembe."

*Mdomo wangu ni mmoja, ni mmoja,*
*na kwetu ni kuwili.*
*Chimbeni chini ya kihenge,*
*kabla hamjabaki na udongo.*

Mgaza akamtazama dada yake, nguo imeraruka kwa miiba, miguu inatoka damu. Akaenda akaleta jembe. Wakachimba, wakakuta yaleyale.

Basi watu wa juu wakafuata njia ya mchwa ikiteremka. Watu wa chini wakafuata njia ya mchwa ikipanda. Wakakutana kwenye kile kichuguu, kila upande umeshika majembe, na kwa muda mtu asingejua kama wamekuja kuchimba au kupigana. Jumbe wa Kwamlenga akasema, "Kichuguu hiki ni chenu." Jumbe Mhando akasema, "La, ni chenu." Watu wakaangua kicheko, cha kwanza tangu njaa ianze. Wakachimba pamoja mpaka jua likazama, wakamtoa malkia wa mchwa, mnene kama mhogo.

Lakini mchwa hawamalizwi kwa jembe, na hilo kila mkulima analijua. Mkunde akawaambia wote yale aliyoambiwa na Uzi, na ya wale watatu aliowaua kizingitini hakuyaficha. Watu wakakumbuka masika yale, kila mmoja akaangalia kando. Wakaafikiana, juu na chini: nyoka wadogo wa ardhini wasiuawe.

Mbegu zilizosalia za vijiji viwili zikachanganywa, kwa kuwa za kijiji kimoja hazikutosha hata pembe ya shamba. Wakalima shamba moja, kwenye miteremko miwili ya korongo. Mwaka ule walikula kidogo. Lakini walikula.

Na Semdoe? Alimwomba mkewe radhi, mara ya kwanza akanyamaziwa, mara ya pili akanyamaziwa, mara ya tatu akaambiwa akachote maji. Akachota.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, asubuhi, Bi Chausiku alikuwa akifagia kizingiti. Akatokea nyoka mmoja wa rangi ya nyama, hana macho, anapapasa njia kwenye tope. Yule mzee akainua ufagio. Mkunde akaacha chungu alichokuwa akikifinyanga. Ufagio ukakaa juu. Kisha Bi Chausiku akaushusha polepole, akausogeza kando, akainama kwa yale magoti yake yanayolia.

"Pita, mjukuu wangu," akasema. "Lakini usiwaambie wenzio kwamba nakupenda."

Hadithi yangu imeingia shimoni, anayeitaka aichimbe kwa upole. Mafunzo yake ni haya: mwenye kwao kuwili si mwenye ndimi mbili, na mwenye kuona kuwili akinyamaza, huharibika kuwili.

Lile jina, ndumakuwili, watu hawakuliacha. Mpaka leo wanawaita hivyo wanafiki, na yule nyoka bado anasingiziwa. Mimi nilimwendea nimwombe radhi kwa niaba yenu, nikasema kwa adabu zote saa nzima. Nilipomaliza, akanigeukia akaniuliza ninasema na nani, maana nilikuwa nimeuamkia mkia.